Daktari Aliyelisha Sungura Mayai

Sikuwahi kumwona Daktari akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Funda la kwanza alikunywa kitini, la pili mlangoni, la tatu alishafika uani, na kikombe chenyewe ulikuja kukiokota baadaye juu ya ukuta wa jirani kikiwa kimejaa sisimizi. Kanisani aliimba beti mbili upande wa wanaume, na ubeti wa tatu ukamsikia yuko nyuma karibu na mlango. Msibani aliwahi kufika kuliko wafiwa wengine na aliwahi kutafuta sababu ya kuondoka. Mtu mwingine tungemwita mkorofi. Yeye tulishamzoea, tukasema ndivyo alivyo, ana upupu ndani ya mwili.

Mtaa wetu wote wa Buzuruga ulimwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu binadamu. Alikuwa daktari wa mifugo. Miaka mingi alifanya kazi kwenye maabara ya serikali akipima damu na vinyesi vya ng'ombe, mpaka ikaja ile miaka ya kupunguza watumishi. Majosho yakakauka, dawa za mifugo zikahamia kwenye maduka ya watu binafsi, na yeye akapewa mkono wa kwaheri. Aliondoka na hadubini kuukuu iliyokuwa itupwe, chupa kadhaa za dawa, na tabia ya kutaka kupasua kila kitu aone kilichomo. Ukimwambia redio yako imekufa, atasema, "Tufungue tuone." Kuku wako amekufa ghafla, tufungue tuone. Siku moja nilimlalamikia kwamba mama mkwe wangu amenuna wiki nzima na sijui kisa. Alipofungua mdomo tu nikamwahi. "Huyo hafunguliwi, Daktari."

Ng'ombe aliongea nao kwa adabu. Kabla ya kumchoma sindano alimwambia samahani, tena kwa Kisukuma cha upole kabisa. Sisi wenye ng'ombe tulipewa maneno makavu. Mtu akimletea mnyama aliyechelewa kutibiwa alimfokea hadharani, hata awe diwani, kisha akamtibu mnyama bure kwa sababu hasira zilimsahaulisha kudai.

Mimi nilikuwa nauza mayai, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mafuta ya kula ambayo zamani tuliyapangia foleni sasa yalishuka mjini kwa madumu ya njano, na kila kona ilichipua mtu wa chipsi mayai. Wanaume waliokuwa mawakala wa samaki wa viwanda vya minofu walianza kufunga mikanda chini ya tumbo. Kitambi kikawa ndicho kitambulisho cha mtu aliyefanikiwa. Hata mimi nilianza kuwa nacho, na nilipokuwa naongea na wateja nilikipapasa ili wakione. Daktari peke yake ndiye aliyekitazama kama mtu anayetazama jipu. "Hicho ni mzigo, Baba Neema," aliniambia. "Na wewe ndiye punda."

Basi akaanza kuja dukani kwangu kuchukua mayai. Leo trei, kesho trei, keshokutwa trei. Mke wake alikuwa ameshatangulia mbele za haki, watoto walishaoa na kuolewa, pale nyumbani alikuwa anaishi yeye na shemeji yake tu. Watu wawili wazee wanakulaje mayai yote hayo? Nikajua kabisa kwamba anayauza upya na ananichukulia wateja kimyakimya. Nikamfuata kwake nimevimba.

Nilimkuta shemeji yake uani, amekaa kwenye kigoda, anapasua mayai. Viini anatia kwenye beseni, ute anatia kwenye ndoo. Daktari alikuwa anazunguka nyuma yake akichanganya vile viini na pumba na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema, anaongeza. Kando ya ukuta kulikuwa na safu mbili za mabanda ya sungura. Safu moja ilipakwa rangi nyekundu, nyingine bluu. Wa nyekundu walipewa ule mchanganyiko. Wa bluu walipewa majani na pumba tupu. Hasira zikaniishia pale pale, nikabaki na mshangao. Nimezeeka nikiona watu wakila sungura, lakini sijawahi kuona sungura akiandaliwa kifungua kinywa.

Ule ute hakuutupa. Shemeji yake aliugawa kwa majirani, na mtaa mzima ukala mayai meupe muda mrefu, mpaka watoto wangu wakauliza kama kuku wa siku hizi wameacha kutaga viini.

Kwa nini alifanya yote hayo, nilikuja kuambiwa kidogokidogo, kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kumaliza hadithi. Kaka yake mkubwa aliishi Misungwi. Alikuwa mfugaji na mnunuzi wa pamba, mtu mkubwa mwenye tumbo kubwa na kicheko kikubwa, na katika ng'ombe hakupenda kitu kama nundu iliyochomwa ikadondosha mafuta. Siku moja alikula mchana, akanawa, akasimama, akaanguka. Hakuamka. Ukoo ulipokaa ukasema mtu mzima hafi hivyo, lazima kawekewa kitu. Aliyempa sahani ni mkewe. Mke mwenyewe hakuwa na mtoto wa kumtetea. Kabla ya matanga kuisha walikuwa wameshamtoa nyumbani kwake na beseni moja la nguo, na vijana wa pale wakamwambia akirudi asilaumu mtu. Katika vijiji vyetu maneno hayo si ya kutishia watoto. Wanawake wazima wameuawa kwa maneno kama hayo.

Daktari alikuwa ameomba jambo moja tu msibani. Aliomba kaka yake apasuliwe. "Tufungue tuone," alisema, na safari hiyo nusura apigwe. Mtu na heshima zake achanwe kama mbuzi? Wakamzika alivyo. Ndipo Daktari akamchukua shemeji yake, akampa chumba chenye dirisha la mashariki, na akajiapiza kwamba atarudi kwa ukoo na kitu cha kushika mkononi, kitu cha kuwaonyesha kwamba kaka yake aliuawa na mishipa yake mwenyewe. Alitaka watamke mbele za watu kwamba mwanamke yule ni safi, arudi kwenye nyumba yake na shamba lake bila kutazama nyuma. Upupu wake wote ulitoka hapo. Nadhani hata kabla ya hapo alikuwa nao, ila sasa ulipata kazi.

Nilimuuliza mbona sungura. Ng'ombe si wapo, mbwa si wapo? Akanieleza kwamba mbwa utamlisha mafuta mpaka uchoke na mishipa yake isishike kitu, lakini sungura, mla majani, mwili wake haujui pa kuipeleka lehemu, yale mafuta mazito yanayoganda, iliyomo kwenye kiini na kwenye mafuta ya nyama. Inabaki inazunguka kwenye damu. "Ndani ya mshipa kuna ngozi laini kuliko ya kichanga," alisema, huku ananivuta mkono na kunionyesha mshipa wangu mwenyewe. "Damu inateleza humo wala huisikii. Ngozi hiyo ikichubuka, mafuta yanapata pa kukaa. Yakikaa yanaita wenzao. Siku moja njia inaziba, na wewe unasema umerogwa."

"Lakini mimi si sungura," nikamwambia.

"Najua. Sungura ana akili, akishiba anaacha."

Kusema kweli hakuwa na haki ya kunisema. Jumamosi alikuwa anashuka kwenye nyama choma za stendi, na alichoagiza ni nundu ile ile. Aliila kwa kisu kidogo, amesimama, anazunguka meza, anaitukana. "Tazama hii, tazama inavyong'aa, hii ni kaburi," anasema, anatia mdomoni. Niliwahi kumshika mkono. Akaniambia kwamba yeye na kaka yake walifundishwa kula nundu na baba yao, kwenye sahani moja, na kwamba kuna mambo mtu anayajua kwa kichwa na mengine anayajua kwa ulimi. Akaagiza nyingine.

Ile kazi ilichukua miezi, na katikati yake kukatokea kosa ambalo sidhani lingetokea kwenye maabara yoyote ya Ulaya.

Nilikuwa nimepeleka mayai asubuhi. Daktari alikuwa amechinja sungura wa kwanza, wa nyekundu na wa bluu, amewapasua juu ya meza ya bati na kutoa ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Wa nyekundu ulikuwa kama alivyotarajia. Alipouchana kwa urefu na kuutandaza, upande wa ndani ulikuwa na michirizi ya njano na mabaka yaliyotuna, kama ugali uliogandia pembeni mwa sufuria. Akanipa kioo cha kukuzia nitazame, anacheka peke yake. Kisha akafungua wa bluu, wale wa majani. Nao walikuwa na michirizi. Si mingi, lakini ilikuwepo.

Sijawahi kuona mtu akizunguka namna ile. Alikwenda mpaka lango, akarudi, akaosha kisu kilichokuwa safi, akakiosha tena. Kama wala majani nao wana mafuta kwenye mishipa, basi mayai hayana kosa, na kama mayai hayana kosa, hana la kuwaambia Misungwi. "Nimekosea wapi?" alikuwa anasema. "Maji? Pumba? Nimekosea wapi?"

Shemeji yake alikuwa anaanika vyombo kwenye kichanja. Aliacha, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji," alisema taratibu. "Hao wengine nilikuwa nawapa masalia ya beseni."

Daktari akasimama.

"Wenzao wanakula mayai kila siku na wao wanaangalia. Wamefungiwa tu pale, wanaangalia. Niliwaonea huruma."

Nilijua atamfokea. Alikuwa amefokea watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Badala yake alivuta kigoda, akakaa. Mimi nikawa natazama miguu yangu. Mwanamke aliyefukuzwa mezani kwake aliona viumbe wamewekwa kando, akawapelekea chakula, na kwa kufanya hivyo akaiharibu kazi ambayo ilikuwa imrudishe nyumbani. Ningekuwa mimi ningelia. Daktari alikohoa, akasema, "Basi tunaanza upya." Na kabla ya kuleta sungura wapya aliwaita mafundi wakahamishia mabanda ya bluu nyuma ya nyumba, ili wala majani wasiwaone wala mayai. Alisema ni kwa ajili ya hewa.

Safari ya pili matokeo yalikuja safi. Wa bluu mishipa yao ilikuwa myeupe na laini mpaka mwisho. Wa nyekundu ilikuwa imekakamaa, mingine mpaka njia imebaki finyu. Alichagua mshipa mmoja wa kila upande, akaitia kwenye chupa mbili za dawa ya kuhifadhia, akanunua shati jipya. Nilimpeleka Misungwi kwa pikapu yangu. Shemeji yake alibaki. Alituaga langoni akiwa amevaa gauni la kanisani, bila kwenda popote.

Ukoo ulikuwa umekusanyika katika lile boma la marehemu, na aliyekalia kiti cha katikati ni baba yao mdogo, mzee mtulivu mwenye sauti ya chini. Daktari alisalimia vizuri, shikamoo zote zikaitikiwa. Kisha akaeleza. Nasema haki, sijawahi kumsikia akieleza vizuri kama siku ile. Hakufoka hata mara moja. Alitoa mishipa kwenye chupa, akaitandaza kwenye sinia, akawaita waje kwa zamu. Walikuja. Walishika. Vijana wale waliotishia walitazama kwa kioo, na mmoja wao akajishika tumbo lake bila kujua. Nikasema moyoni, leo ameshinda.

Baba mdogo aliutazama ule wa njano muda mrefu.

"Kwa hiyo unasema mwanangu aliuawa na chakula," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Si siku moja. Kidogokidogo."

"Kidogokidogo, baba. Miaka."

"Bila mwenyewe kujua."

"Bila kujua. Hakuna anayejua."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akawatazama wenzake, kisha akamtazama Daktari kwa huruma kabisa.

"Na nani alikuwa anampikia?"

Nilisikia ng'ombe tu kwenye zizi, ng'ombe wa marehemu, ambao sasa walikuwa wa watu hawa. Daktari alifungua mdomo. Alisema kaka yake ndiye aliyekuwa anataka nyama ile, kwamba ndiye aliyekuwa anachinja, kwamba yeye mwenyewe Daktari alikula sahani moja naye tangu utoto, kwamba mke hupika kinacholetwa. Alisema haraka haraka, akaanza kuzunguka, na watu wakawa wanaitikia kama wanavyomwitikia mgonjwa. Walikuwa wameshamaliza. Mzee akamwomba ile chupa ya mshipa wa njano ibaki pale kama ushahidi. Daktari akaikumbatia, tukaondoka bila kuagana vizuri.

Kutoka Misungwi mpaka Buzuruga hakusogeza hata mguu. Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka usukani unateleza mikononi. Shemeji yake alikuwa langoni, bado kwenye gauni lile. "Wamesemaje?" akauliza.

"Wanafikiria," akasema Daktari. Ni mara pekee niliyomsikia akidanganya, na alidanganya vibaya, maana yule mama alimtazama usoni, akasema "Haya," akaenda kubadilisha nguo.

Baada ya hapo nilihamishia biashara Geita na tukawa tunasalimiana kwa kutumiana watu. Niliporudi Buzuruga kumwona, tayari watu walikuwa wanaelekea kumaliza kuzungumzia uchaguzi wa vyama vingi na mimi kitambi changu kilikuwa kimenishinda. Yadi yake niliikuta imefagiliwa, hakuna banda hata moja. Yeye mwenyewe alikuwa mbele ya nyumba, kando kabisa ya njia wanakopita watu wa sokoni, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anasonga ugali. Mzee mzima, msomi, Msukuma, anasonga ugali barabarani. Ulikuwa na madonge. Wapita njia walikuwa wanatabasamu chini chini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Baba Neema. Kaa hapo, unione vizuri."

Nilikaa. Alikuwa amekonda, na kila alipokoroga mara chache alipumzika kuvuta pumzi. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia bila kugeuka. Kifua kilikuwa kinambana. Akipanda kilima kinambana, akibeba ndoo kinambana. Hospitali walimwambia alichokuwa anakijua.

"Mimi na kaka yangu ni damu moja, tumekula sahani moja," alisema. "Nitaanguka kama yeye. Na watakuja na swali lile lile, kisha watamfuata hata humu ndani. Nataka mtaa mzima uwe na jibu. Nani alikuwa anampikia? Alijipikia mwenyewe, tulimwona. Hata maji yangu nachota mwenyewe. Wewe umeniona?"

"Nimekuona."

"Sema kwa sauti, wasikie."

Nilitaka kusema. Lakini shemeji yake alikuwa amekaa kizingitini nyuma yetu, mikono imelala mapajani haina kazi. Alikuwa amezeeka kwa haraka. Alianza kuongea na mimi, ingawa maneno hayakuwa yangu.

"Mwambie, mwanangu. Mimi ananikataza. Haniachii sufuria, haniachii hata kikombe. Watu wa kisimani wananiuliza. Wanasema hata shemeji yake sasa anaogopa kula chakula chake. Misungwi walisema, nikavumilia. Sasa anasema yeye, kila siku, mbele ya watu."

Mwiko ulisimama. Daktari aligeuka na kumtazama, na nikaona likimwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. Mkaa ukawa unalia. Kisha akainuka kwa shida, akashika goti, akamfuata pale kizingitini na kumpa ule mwiko kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, na alisema kwa sauti mpaka wa upande wa pili wa njia wakageuka. "Nina njaa. Nipikie."

"Na ukianguka?"

"Nipikie."

Yule mama alimwaga ule ugali wenye madonge, akaosha sufuria, akaanza upya. Akaleta na mboga, mlenda na dagaa. Daktari alikaa kwenye kigoda katikati ya kiwanja, watu wamesimama wanatazama, akanawa, akala tonge moja moja hadi mwisho, bila kuinuka hata mara moja. Yeye shemeji yake alisimama pembeni akiwa ameshika birika la maji. Mimi sikuangalia sahani. Niliangalia kifua chake kikipanda na kushuka ndani ya shati, nikamwomba Mungu kisisimame leo.